Sura ya Nane: Ijumaa ya Kwenye Karatasi

Marehemu aliomba chai ya rangi, na akataka iongezwe sukari.

"Kwani kule ulikotoka hawanywi chai?" askari wa zamu alimuuliza, na mahabusu wote wakaangua kicheko.

Inspekta Nasor hakucheka. Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, kalamu mkononi, akingoja kelele zitulie. Nje ya kituo cha Kibiti watu walikuwa wamejazana kwenye uzio wa minyaa tangu alfajiri, wake kwa waume, wakitaka kumwona mtu aliyezikwa Mbuchi masika ya mwaka tisini na nne, akakamatwa Ikwiriri juzi, mwaka tisini na saba, akichagua suruali ya mitumba. Aliyemtambua ni mpwa wa mkewe. Kijana alipiga yowe moja, soko likatimka. Nusu ya watu walikimbia kuokoa roho zao, nusu ya pili wakakimbilia kutazama.

"Jina."

"Mrisho Mkumba."

"Kazi kabla ya kufa?"

Mrisho akamtazama kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Nasor alizaliwa Utete, kwa watu wa biashara ya mto, na alilelewa na bibi asiyependa mzaha. Tabia hiyo ilimfaa sana kazini na ikamharibia kwingine kote.

"Fundi mashine. Kambamto."

Kambamto ilikuwa kampuni ya kuvua kamba. Zamani lilikuwa shirika la umma. Serikali ilipoanza kuyauza mashirika, nalo likauzwa kwa mwekezaji ambaye huku delta hakuna aliyepata kumtia machoni. Walichokiona ni boti saba mpya na mashine ya barafu, na wakasikia kwamba huko Dar es Salaam kuna kompyuta inayojua kila mtu yuko boti gani siku gani.

"Alhamisi ile boti namba nne ilipozama, ulikuwa wapi?"

"Ruhusa. Nilikuwa Ngorongo."

"Karatasi ya kampuni inasema ulikuwa ndani ya boti namba nne."

"Karatasi hiyohiyo inasema nimekufa, Afande."

Askari wa zamu akakohoa. Nasor akaandika jibu kama lilivyo.

"Ngorongo kwa nani?"

Mrisho akashusha macho. "Kwa mke. Wa pili. Mwamvua, mke mkubwa, hakuwa anamjua."

"Habari za kifo chako ulizipataje?"

"Kwa msafiri. Alipita akasema kuna fundi wa Kambamto kazikwa Mbuchi, jina Mrisho. Nikasema kesho nitakwenda nikawatoe wasiwasi. Kesho ikawa keshokutwa. Mara nasikia nimeshasomewa hitima, watu wameshakula wali wakaondoka. Sasa nirudi niseme nini? Niseme nilikuwa wapi?" Akakizungusha kikombe. "Nikaona Mungu kanifungulia mlango. Nikapita."

"Miaka mitatu."

"Mtu huzoea, Afande."

"Basi kaburini mwako yumo nani?"

Hapo Mrisho akakisukuma kikombe pembeni.

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wallahi simjui."

Mkuu wa kituo yeye hakunyimwa usingizi na lolote. Alimwita Nasor ofisini, akafunga mlango, akasema njia ya mwongo ni fupi na ya huyu imefika mwisho. Mrisho alitaka kufa ili akae na mke wa pili kwa amani, akatafuta mtu wa kufa badala yake.

"Jumatatu nataka hati ya mashtaka. Mauaji."

"Kamuua nani, mkuu?"

"Huyo aliyemo. Jina tutalijaza."

Nasor alisema ndiyo mkuu, akatoka, akalifungua tena jalada la mwaka tisini na nne. Lilikuwa jembamba. Boti namba nne ilikuwa ikirudi Mbuchi kutoka dago la Kiongoroni, kambi ambako wavuvi hulala wiki nzima. Ndani walikuwa wawili, nahodha na fundi. Mvua ilikuwa ya kutisha, dago limetawanyika, na hakuna aliyewaona wakiondoka. Nahodha, Salumu, alipatikana siku ya pili, akatambuliwa na ndugu zake. Wa pili alipatikana siku ya nane katikati ya mizizi ya mikoko, na uso haukuwa wa kutambulika tena. Ofisi ya Mbuchi ikaita Dar kwa redio: fundi wa boti namba nne siku ya Alhamisi ni nani? Dar wakasoma kwenye orodha yao, wakajibu: Mrisho. Akazikwa Mrisho.

Orodha yenyewe ilikuwa mwisho wa jalada, karatasi ndefu ya kompyuta yenye matundu pembeni. Nasor alikuwa ameisoma mara tano.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwepo Zaitun. Hii ilikuwa siku yake ya pili. Alitoka Mbuchi mara aliposikia habari, akafikia kwa shangazi yake nyuma ya stendi, na kila asubuhi alikuja na kanga zake safi, akaketi wima. Mumewe, Seleman, naye alikuwa fundi mashine wa Kambamto, na alipotea wiki ileile ya boti namba nne. Kampuni iliandika kwamba ametoroka kazini. Watu wa Mbuchi waliongeza chumvi yao, wakasema kafuata mwanamke Mafia.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, dada Zaitun. Nilikwambia urudi nyumbani, nitakuletea jibu."

"Kama Mrisho karudi, na wangu atarudi." Hakuwa anauliza. "Nimekuja umuulize huyo Mrisho kama walipata kuonana huko waendako watu wakipotea."

"Nimemuuliza. Hajui."

"Muulize tena. Huyo anaona haya."

Nasor alimkaribisha ofisini kwa sababu ukumbini watu walikuwa wameanza kusogea kusikiliza. Orodha ilikuwa wazi mezani. Zaitun aliitazama, akauliza kama ndiyo ile. Nasor akasema ndiyo ile.

"Niliisikia tu. Sijawahi kuiona." Akasogeza kiti. Alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, na alisoma polepole, mdomo ukifuata. Alilitafuta jina la mumewe katika majina sitini mpaka akalipata, akaliwekea kidole na akakaa nalo kidogo. "Hizi namba?"

"Boti aliyopangiwa. Sifuri ni kazi za pwani. Tisa ni ruhusa. Hii ni zamu ya siku ishirini na nane, ilipangwa kabla, na juu ni majina ya siku."

"Nionyeshe Alhamisi ile."

Akamwonyesha. Wiki ya pili, Seleman alikuwa na nne, nne, nne, nne, nne, mpaka Jumatano. Alhamisi, sifuri. Kwa Mrisho ilikuwa tisa mpaka Jumatano, na Alhamisi nne. Karatasi ilisema kwamba asubuhi ya siku ile Mrisho alitoka ruhusa akampokea Seleman zamu, na Seleman akashuka.

"Unaona?" Zaitun alisema. "Alishuka. Mie miaka yote mitatu nawaambia watu, karatasi ya serikali imesema Seleman alishuka, na aliyeshuka hazami. Hawasikii."

"Si ya serikali. Ya kampuni."

"Ya kompyuta," Zaitun alisema, na hilo kwake lilitosha. Kidole chake kiliendelea kutembea kwenye mstari wa mumewe, kwa mapenzi tu, kama mtu anayepapasa nguo. Kisha kikasimama. Akacheka. "Lo! Ijumaa boti namba nne? Nani huyo aliyetoka Ijumaa, Mbuchi?"

"Hawatoki kabisa?"

"Ala! Afande, weye si mtu wa huku? Alhamisi jioni wanaume wanarudi toka dagoni. Ijumaa msikitini. Jumamosi alfajiri wanaondoka. Tangu shirika, na kabla ya shirika. Ijumaa hata mtumbwi wa kuvushia watu unalala. Kambamto walipokuja walijaribu kuwatoa Ijumaa, wanaume wote wakaenda wakakaa pwani wakawatazama tu."

Nasor aliivuta karatasi upande wake. Ijumaa ya kwanza, watu sitini wote wana namba. Ya pili, wote. Ya tatu, wote. Akapeleka jicho mwisho wa mistari. Siku nne za mwisho zilikuwa tupu kwa kila mtu, kuanzia jina la juu mpaka la chini. Mara tano alikuwa ameipitia karatasi ile, yeye mtoto wa Utete aliyekuwa akipelekwa msikitini Ijumaa kwa kuvutwa sikio, na hakuona. Alijiona mjinga, na alikuwa na haki.

"Karatasi imekosea," alisema.

Kicheko cha Zaitun kiliisha taratibu. Alimtazama Nasor, akaitazama karatasi.

"Lakini hapa kwenye Alhamisi haikukosea," alisema. "Sivyo, kaka?"

Nasor alikunja orodha akaitia kwenye jalada. "Rudi Mbuchi, dada. Jibu nitakuletea mwenyewe."

*

Karani aliyekuwa akiandika zamu za Mbuchi ni Maalim Mudathiri. Sasa alikuwa amestaafu, anafundisha watoto Kurani barazani kwake, na tangu ujana wake ndiye mwosha maiti wa kijiji. Alimpokea Nasor kwa mikono miwili na kumtaka ale kwanza. Nasor alikula kwanza. Usipokula kwa Maalim huambiwi kitu.

"Maalim, ile fomu ya zamu uliijazaje?"

"Kwa wino mweusi, kama walivyoagiza."

"Siku zake, Maalim."

"Siku zake mbona wazi. Kitabu changu cha shirika kilikuwa na vyumba sita kwa wiki. Mosi, Pili, Tatu, Nne, Tano, Alhamisi. Miaka kumi na minane nimeandika hivyo. Wakaja hawa, wakasema vitabu basi, leteni tuvichome, sasa kuna kompyuta. Wakatupa fomu. Kila mtu ana mstari mmoja, vyumba vidogo ishirini na nane, havina majina. Nikajaza nilivyozoea."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa haina zamu. Ningejaza nini?"

"Uliacha chumba wazi?"

"Kwa nini niache? Karatasi ya watu! Nikaunganisha. Ikiisha Alhamisi, inafuata Jumamosi."

"Mwisho vikabaki vinne."

"Vinne kwa kila mtu, mstari mzima. Nikadhani ni vya ofisi. Watu wa Dar wana mambo yao ya kuandika." Mzee alimtazama. "Kuna ubaya?"

"Yule wa pili ulimwosha wewe?"

"Mimi. Hali yake sitaki kuisema baada ya chakula."

"Alikuwa na kitu chochote mwilini?"

"Uzi kiunoni, na ufunguo. Nikauvua, nikampa mjane wake."

Mjane wake alikuwa Mwamvua, nyumba ya tatu kutoka hapo. Hakumkaribisha Nasor ndani. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, na macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Ukirudi Kibiti mwambie nimeshakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, sikukosa hata siku moja. Nimeshamlilia nikamaliza. Asinisogelee."

"Nitamwambia, dada. Nimekuja kuuliza habari ya ufunguo."

Mwamvua aliingia ndani akakaa kidogo. Alirudi nao ukiwa umefungwa kwenye pembe ya leso. Ulikuwa ufunguo mdogo wa kufuli, umeshika kutu.

"Nimeujaribu kwenye kila kufuli la nyumba hii. Nikajaribu na la jirani. Haufungui kitu. Nikauweka tu, nikasema ulikuwa mwilini mwa mume wangu." Akamtilia kiganjani. "Kumbe hata mwili haukuwa wake. Chukua. Mpe mwenyewe."

*

Ofisi ya Kambamto Dar es Salaam ilikuwa ghorofa ya tatu, karibu na bandari, na chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi kiasi kwamba msichana wa humo alivaa sweta. Jina lake Hafidha. Alisomea Nairobi, alikuja na mashine yenyewe mwaka tisini na tatu, na programu zote za kampuni aliziandika yeye kwa lugha ya kompyuta iitwayo RPG.

"Programu yangu haina kosa," alisema kabla Nasor hajaketi.

"Sijasema ina kosa. Nataka unieleze inavyosoma zamu."

Hilo lilimlainisha. Alimvutia kiti mbele ya kioo cha kijani cha kompyuta, akaita kurasa za programu.

"Hapa nimetaja muundo wa data. Una nafasi ishirini na nane, herufi moja moja, kama fomu ilivyo. Sasa juu ya nafasi hizo nimelaza safu mbili. Hii ya kwanza ni siku: vipengele ishirini na nane, kila kimoja herufi moja. Hii ya pili ni wiki: vipengele vinne, kila kimoja herufi saba."

"Safu mbili mahali pamoja? Zinaeneaje?"

"Hazijazi kitu, kaka. Herufi ni zilezile. Ni namna mbili za kuzisoma tu. Nikitaka siku ya kumi na tatu naiuliza safu ya siku. Nikitaka wiki ya pili nzima naiuliza safu ya wiki. Chukulia mkeka. Mkeka ni mmoja. Huyu anauhesabu kwa miyaa, yule anauhesabu kwa ukili mzima wa miyaa iliyosukwa pamoja."

"Na kama msukaji kasuka ukili wa miyaa sita, wewe unahesabu saba?"

"Basi nitakuwa nakata katikati ya..." Hafidha alikigeukia kioo.

Nasor akamweleza habari ya Maalim Mudathiri na Ijumaa ya Mbuchi. Hafidha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, bila kuombwa, akaita rekodi zenyewe, zisizo na majina ya siku juu yake. Mrisho akatokea hivi:

222444222999444222000444

na nafasi nne tupu. Seleman hivi:

000222444444000222222000

na nafasi nne tupu.

"Tafuta Alhamisi ya wiki ya pili," Nasor alisema.

"Mimi naitafuta nafasi ya kumi na tatu. Mrisho nne. Seleman sifuri." Alihesabu tena kwa kalamu juu ya kioo. "Lakini kama wiki ni ya siku sita, Alhamisi ya pili ni nafasi ya kumi na mbili."

"Isome."

Hakuisoma. Alisema anataka mashine iisome, maana macho ya mtu yana huruma. Alirudi kwenye programu, akabadili saba kuwa sita na ishirini na nane kuwa ishirini na nne, akazilaza safu upya juu ya muundo uleule, akaitoa Ijumaa kwenye majina ya siku, akaagiza. Walikaa wakingoja. Printa ikaamka, ikalia kwa dakika nzima.

Wiki ya pili, Alhamisi, boti namba nne. Nahodha, Salumu. Fundi, Seleman. Mrisho alikuwa na tisa tatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, yuko ruhusa kama alivyosema.

"Salumu je?" Nasor aliuliza. "Mbona yeye hakubadilika?"

Hafidha alimtafuta. Mstari wa Salumu ulikuwa na namba nne peke yake, mara ishirini na nne. "Boti ni yake. Manahodha hawahami. Ukikata popote unapata nne."

Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Karatasi ilimtaja sawasawa yule aliyetambuliwa, wakaiamini na kwa yule asiyetambulika. Nasor aliikunja orodha mpya, akaomba muhuri wa kampuni na saini ya aliyeitoa. Hafidha alisaini.

"Mwaka ule walipoita kwa redio," alisema, "mimi ndiye niliyesoma jina. Nilihesabu kumi na tatu. Nilihesabu mara mbili, nisije nikakosea."

"Ulisoma kilichokuwepo."

"Huyu Seleman alikuwa na mke?"

"Anaye. Anamngoja."

Hafidha alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. Aliuliza kama anaweza kumwandikia barua huyo dada. Nasor akamwambia asiandike, karatasi kutoka Dar zimetosha.

*

Walimfikia Zaitun Alhamisi, alasiri. Nasor alikuwa amempitia Maalim Mudathiri barazani kwake na kumweleza kila kitu, na mzee aliongea walipokaribia nyumba.

"Chumba kimoja tu," alisema. "Ningeacha chumba kimoja wazi kila wiki."

"Hukuambiwa, Maalim."

"Sikuuliza."

Uani kwa Zaitun kulinukia wali wa nazi. Mwenyewe alitoka amejifunga kanga mpya, wanja umekolea machoni, asumini kifuani. Alimwona Nasor, akamwona Maalim, kisha akatazama nyuma yao, njiani, kama kuna wa tatu anayekuja polepole. Alitazama kwa muda. Nasor hakupata kuona kitu kibaya kuliko kule kutazama.

"Karibuni," alisema. "Leo Alhamisi, nimepika."

Waliketi. Nasor aliyaacha maneno aliyoyapanga tangu Dar. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya mkeka.

Zaitun hakuugusa mara moja. Sanduku la bati lilikuwa ukutani, limefungwa kufuli. Kila mtu Mbuchi alilijua sanduku hilo, maana shemeji zake walishataka kulivunja mara mbili naye akakataa. Alisema Seleman akirudi atalifungua mwenyewe, ufunguo anao.

Aliuchukua, akapiga magoti, akautia. Kutu ilikataa. Akauzungusha tena, na kufuli likaachia. Hakuinua kifuniko. Alikaa pale, kufuli mkononi, mgongo umewaelekea.

"Mliupata wapi?"

"Kiunoni mwake, mwanangu," Maalim alisema. "Mimi ndiye niliyeuvua."

"Kwenye maiti ya Mrisho."

"Mrisho hakufa. Ni Seleman."

Nasor akamweleza kwa kifupi. Hakukuwa na kushuka wala kupokeana zamu, na mwanamke wa Mafia ni maneno ya watu. Seleman alikuwa kwenye boti yake aliyopangiwa, anarudi nyumbani, Alhamisi.

"Alikuwa anakuja," Zaitun alisema.

"Alikuwa anakuja."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anakubaliana na mtu wanayezungumza faragha. "Mchele wa hitima ile nilitwanga mie. Mwamvua alikuwa hajiwezi, nikasema nimsaidie. Nikakaa naye, nikambembeleza, nikamwambia, bibi weye, shukuru. Weye angalau una kaburi." Akawageukia. "Nilimwonea wivu, Maalim. Wallahi nilimwonea wivu kwa kaburi lile."

Alijifuta uso kwa kanga, na wanja ukasambaa mpaka shavuni.

"Eda yangu naianza lini? Leo?"

Maalim Mudathiri akasogea karibu naye. "Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, mwanangu. Si tangu siku ya habari. Yako ilikwisha mwezi wa nane, mwaka uleule."

"Mwezi wa nane nilikuwa napaka wanja," Zaitun alisema. "Kila Alhamisi. Kwa hiyo hata kukaa naye eda sikukaa. Na imeisha."

"Hukujua. Mungu hakuandikii usilolijua."

"Siulizi dhambi, Maalim. Nasema nilitaka kumkalia."

Nasor alikuwa na maelezo ya kuandikisha, kwamba ufunguo uliotoka kwa maiti umefungua kufuli la Seleman mbele ya mashahidi wawili. Bila hayo Mrisho angeshtakiwa Jumatatu kwa kuua. Aliona haya kutoa kalamu, akaitoa. Zaitun alisoma kila mstari, mdomo ukifuata, akatia saini palipotakiwa. Aliuliza kama sasa jina limeandikwa mahali pake. Nasor akasema limeandikwa.

Kisha akainuka, akaenda jikoni. Walidhani amekwenda kulia, na Maalim akaanza kutafuta viatu vyake. Alirudi na sinia la wali, lote, na bakuli la samaki wa kupaka, akaliweka katikati ya mkeka. Alileta na maji ya kunawa, akasimama nayo mbele ya Nasor.

"Ule wa kwanza mliula kwa jina la mtu mwingine," alisema. "Huu ni wake. Nawa, kaka. Maalim, nisomee hitima ya mume wangu."

Nasor aliweka jalada pembeni, akanyoosha mikono, akanawa.